Bata wa Bi Yen na Prosesa Namba Saba

Taipei, 6 Novemba 2022

Mjukuu wangu A-Rou,

Salamu nyingi, na kabla sijakuuliza hali nikwambie hivi: yeyote aliyekusimulia ile habari ya bata amekosea. Shangazi yako Mei-yun anasema mashine zilikuwa saba. Hakuwepo. Mwenye duka la nyaya anasema nilichungulia chini ya kitambaa. Huyo alikuwepo, ila alikuwa amelala na mdomo wazi. Na muuza chai anayedai Bi Yen siku ile alikuwa na mafua, huyo anamtetea tu, maana Bi Yen ni mteja wake wa miaka.

Mimi ndiye niliyekuwa mezani. Soko la Guanghua enzi hizo bado liko chini ya daraja, magari yananguruma juu ya vichwa vyetu. Mashine zilikuwa kumi na mbili, zimefunikwa kitambaa chekundu cha harusi, zote zinawaka. Unasikiliza feni tu, halafu unasema ndani mna prosesa gani. Mimi nikataja tisa. Bi Yen, anayejiita fundi, akataja tano. Aliyeshindwa alitakiwa anunue bata mzima wa kuchoma, na bata akaliwa palepale mpaka shingo. Wasimulie hivyo huko kisiwani kwenu, na asiyeamini aje.

Huku hatujambo. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Paka kazaa watoto wanne kwenye sanduku la nyaya, sasa siwezi kutengeneza kitu mpaka wafumbue macho. Shangazi yako kapaka sebule rangi ya boga, ukikaa humo unajiona umo ndani ya supu.

Sasa kadi yako. Mistari mitatu, kama vile wino unaupima kwa kijiko. Eti unataka laptopu ya gemu, uchukue prosesa gani. Mtoto wee, hilo ni sawa na kuniuliza uolewe na nani. Nitajuaje? Niambie kwanza unacheza nini, unachezea wapi, mashine utaibeba begani au itakaa mezani, na kwa nini sasa. Miaka ishirini na nne hujawahi kuniuliza hata habari ya betri.

Usinipigie simu. Imezama kwenye supu ya samaki. Andika.

Babu yako mdogo,
Lu Chin-tu, Sikio la Guanghua


Dongyin, 24 Novemba 2022

Babu Mdogo, shikamoo.

Barua yako niliipata kabla haijafika kwangu, maana mimi ndiye niliyefungua gunia la posta. Stempu umeibandika kichwa chini tena. Mkuu wangu wa kazi kasema huyu babu yako anadhani kisiwa chetu kiko upande wa chini wa dunia. Nikagonga muhuri, nikajiletea barua mwenyewe, nikajisainisha.

Mama hajambo, anakusalimia na kusema ukija atakupikia tambi za mvinyo mkuukuu, bakuli mbili, mradi usimsimulie habari ya bata. Baba hajambo, mkali kama kawaida. Upepo wa kaskazini umeanza. Jana meli haikuja, juzi haikuja, na duka limebakiwa na kabichi na tambi za pakiti.

Umeuliza kwa nini sasa. Nitakwambia, na usimwambie Shangazi Mei-yun, maana ukimwambia yeye umeshaitangazia Taipei yote.

Kuna timu ya wasichana inaundwa Taichung. Ni lile gemu la watano kwa watano, ninalolicheza tangu sekondari. Wanaochaguliwa wanapewa mahali pa kulala na mwalimu, kazi yao ni kucheza. Katikati ya Machi kuna mechi za majaribio, kila mtu kwao, siku nane. Kumi bora wanaitwa Taipei mwezi wa nne, uso kwa uso, kila mmoja na mashine yake. Wanachukua watano. Aliyetimiza miaka ishirini na mitano hawamtaki, na mimi natimiza Juni.

Baba nimempa neno langu. Nikikosa, Mei nafanya mtihani wa kuajiriwa posta moja kwa moja na gemu naliacha. Hakunilazimisha, nilisema mwenyewe. Nagonga mihuri vizuri, Babu. Ila naweza kuigonga nikiwa na miaka hamsini. Hili siwezi.

Laptopu yangu ya shule ikiona wachezaji kumi pamoja inaganda kama samaki wa barafu. Nina ya kununua mashine moja, sina ya kukosea. Kisiwani hakuna duka, kwa hiyo utanichagulia wewe. Nataka prosesa namba tisa, ile ya juu kabisa. Mtandaoni wote wanasema tisa. Na iwe nyembamba, bei isizidi hiyo niliyoandika nyuma ya karatasi.

Halafu hiyo simu. Mwezi wa nane ulisema imeibiwa kwenye basi. Imerudi lini ikaingia kwenye supu?

Mjukuu wako,
A-Rou


Taipei, 12 Desemba 2022

A-Rou wangu,

Salamu kwa mama yako, na mwambie tambi nitakula na bata nitamsimulia. Paka wamefumbua macho. Mmoja anapenda kulala juu ya chaja yenye moto, huyo nimempa jina la baba yako.

Simu zilikuwa mbili. Tuendelee.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na si kwa sababu niliishia darasa la nne. Sasa tulia babu akufundishe, maana hao wa mtandaoni wanasoma namba kama watu wanaochagua mke kwa kusikia jina la ukoo.

Prosesa ni mpishi. Kidude chenyewe ukikifunua ni kama ukucha wa dole gumba, kinang'aa kama jicho la samaki mbichi. Nimeshika vya kila aina miaka arobaini na bado nikikiona navua kofia. Watu wetu wa Hsinchu wanachonga humo vijia vyembamba hata unywele ukipita unaonekana gogo. Mimi nikichora mstari na rula unapinda. Wale wanachora mabilioni kwenye ukucha na hakuna mstari unaogusa mwenzake. Ukitaka kumheshimu binadamu, usitazame majengo, tazama hicho kidude.

Lakini mpishi anapika jikoni. Unamkumbuka yule wa kibanda cha tambi nyuma ya hekalu, anayerusha karai moto ukapanda hadi kwenye paa? Huyo ni namba tisa. Mweke kwenye mkahawa mkubwa, atalisha harusi. Sasa mchukue umtie kwenye kijibanda cha mikono miwili, dirisha hakuna. Dakika kumi za kwanza utamsifu. Dakika ya ishirini jasho linamwingia machoni, anapunguza moto, anapika polepole kuliko mke wangu marehemu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akichemsha maji kwa nusu siku. Hiyo ndiyo laptopu nyembamba yenye namba tisa. Na humo ndani hayuko peke yake. Kuna kadi ya picha, naye ni mpishi wa pili, na wote wawili wanatumia bomba moja la moshi.

Kitu kingine wasichokwambia. Mashine mbili zinaweza kuwa na prosesa ileile, jina lilelile limebandikwa nje, moja wanailisha umeme bakuli mbili, nyingine bakuli moja. Namba ni jina tu. Uliza inakula kiasi gani na inapumuaje.

Na gemu lako nimeliuliza. Halitaki prosesa iliyogawanywa wapishi kumi na sita. Linataka mmoja mwepesi wa mkono, mwenye viungo vyake vyote mezani karibu, yaani kumbukumbu kubwa ndani yake mwenyewe, asiwe wa kukimbilia stoo kila akitaka chumvi. Kwa hiyo nimezunguka maduka manne. Nimeweka kiganja, nimetega sikio. Bi Yen alikuwa anapita tu, sikumwita. Akasimama karibu, akasema mawili matatu. Hayana maana.

Chaguo langu ni namba saba, ya ile kampuni tunayoiita kambi ya wekundu, yenye meza kubwa ya viungo. Mwili wake mnene kidogo, feni mbili, matundu mgongoni mapana kama pua za nyati. Bei iko ndani ya ile uliyoandika. Si nyembamba. Wewe nawe si mwembamba kiasi hicho, utaibeba.

Sema ndiyo, ninunue.

Babu Chin-tu


Dongyin, 5 Januari 2023

Babu Mdogo, shikamoo, na heri ya mwaka.

Meli ilikwama siku sita. Barua yako ilikuwa ndani, mimi niko juu ya gati naitazama meli inavyogeuka kurudi. Mama ana kikohozi kidogo. Baba kasikia kwamba kuna paka mwenye jina lake, hajacheka, lakini aliniuliza huyo paka ana rangi gani.

Habari ya mpishi nimeielewa. Bado moyo unataka tisa. Wapinzani wangu wengi wana tisa, nawaona wanavyotamba. Nikishindwa kwa sababu ya mikono yangu, sawa. Nikishindwa kwa sababu ya mashine, sijui nitaishije na ule muhuri.

Lakini Shangazi Mei-yun kaniandikia. Kasema alikuona dukani. Bi Yen kainamisha sikio juu ya laptopu, anazungumza, na wewe umesimama mbele yake unamwangalia mdomo, hupepesi jicho. Kanituma nikuulize harusi ni lini.

Kwa hiyo najua hukuchagua ovyo. Nunua saba.

A-Rou


Taipei, 29 Januari 2023

A-Rou,

Mwaka mpya tumeupokea vizuri, sahani ya samaki tumeibakiza kama inavyotakiwa ili mwaka uwe na akiba, isipokuwa paka hawajui mila. Mama yako anywe maji ya peasi na sukari mawe. Shangazi yako mwambie ana macho mazuri na akili ya kuku. Nilikuwa natazama jino la dhahabu la Bi Yen. Ni bandia.

Mashine ipo kwenye sanduku hili. Nimeijaribu saa tano mfululizo, gemu zito kuliko lako, haikutetereka. Feni zake zinaimba sauti moja, kama watawa. Naambiwa. Yaani nakwambia.

Sasa sikiliza, hili ni kubwa kuliko prosesa. Humo ndani kuna ile pakiti ya kijani ya bisi za mahindi zenye ladha ya nazi, ile watu wanayoiweka ili mashine zisisumbue, jina lake lenyewe ni "tulia uwe mtoto mzuri". Wewe ni mtu wa posta, najua hata mashine zenu za kuhesabia noti zimewekewa. Hospitali wanaweka, benki wanaweka, hao mabwana wa Hsinchu waliochora mabilioni wanaweka. Ni ya kijani, maana taa ya kijani ndiyo ya heri. Ukiweka ya njano au nyekundu unaitafuta balaa. Tarehe haijapita, nimeangalia. Usiile, hata ukifa njaa. Iweke mgongoni kwa mashine, iwe karibu nayo kabisa, iisikie, na isiondoke hapo mpaka majaribio yaishe.

Umenisikia. Mgongoni.

Babu


Dongyin, 24 Februari 2023

Babu Mdogo,

Shikamoo. Mama kapona.

Mashine ilifika tarehe 11. Niliifungua ofisini na wenzangu wote wakaja kuishika. Ni nzuri, sikatai. Dakika kumi na tano za kwanza sijawahi kucheza vile maishani mwangu, kila nilichofikiria mkono ulikuwa umeshafanya. Nilitaka kukupigia simu, nikakumbuka supu.

Halafu ikaanza. Dakika ya ishirini inachoka. Picha zinaruka. Nabonyeza, mtu wangu anasimama kama anatafakari, na akimaliza kutafakari ameshauawa. Nimejaribu siku kumi. Feni zinalia hadi Mama anauliza kama ni ndege. Kila siku dakika ya ishirini. Pakiti yako ya kijani iko palepale uliposema, sijaila, sijaigusa.

Wenzangu niliopanga nao mazoezi wamenitoa wakaweka mwingine. Hawakunitukana. Walisema tu, A-Rou, ukipata mashine utuambie.

Mechi ni tarehe 18 Machi. Fedha nyingine sina, na hata ningekuwa nayo, meli zenyewe ndizo hizi. Nilikwambia tisa, Babu. Nilikwambia.

Baba ameniwekea vitabu vya mtihani wa posta mezani.

A-Rou


Taipei, 8 Machi 2023

Kwa haraka, kwa stempu ya haraka, na safari hii nimeibandika sawasawa.

A-Rou,

Ulipoona kimya ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Barua yako ilifika nikaiweka chini ya mto siku tatu. Miaka arobaini wameniita Sikio, na sasa wewe unapotelea kwenye vitabu vya mihuri kwa sababu ya sikio hilo.

Siku ya nne niliichukua nikavuka njia hadi kibanda cha Bi Yen. Miaka kumi na minane sijawahi kwenda kwake, huwa anakuja yeye. Nikamwekea barua mezani. Akaisoma akiwa anauza nyaya, akawahudumia wateja wawili, akaisoma tena. Nilitaka kuondoka. Halafu akaniandikia, akaniambia, neno moja tu: kwamba prosesa haina kosa, na kuna kitu amekiona kwenye barua lakini anataka kukisikia kwa sikio kabla hajasema. Ndivyo alivyo huyu mama. Hawezi hata kukwambia mvua inanyesha mpaka aitegee.

Namba yake ya simu iko chini. Mpigie ukiwa umekaa mbele ya mashine, inawaka. Mimi usinipigie, simu mpya haijazoea mkono.

Kama kosa ni langu niandikie wazi. Nimeshakuwa mzee, sivunjiki.

Babu


Dongyin, 28 Machi 2023

Babu Mdogo mpendwa, shikamoo.

Hatujambo wote. Ukungu wa masika umeingia, meli ikipiga honi hujui iko kulia au kushoto. Nakuandikia kwa herufi kubwa na wino mweusi leo, kwa sababu ya macho yangu tu.

Nilimpigia Bi Yen tarehe 13, barua yako ilipofika. Nilijiandaa kwa salamu ndefu, yeye akasema, "Binti, weka simu karibu na mashine, cheza, na usiseme." Nikacheza. Dakika zikapita, simu kimya, nikadhani imekatika. Ilipofika ile ya ishirini feni zikaanza kulia, naye akazungumza.

"Inapumua kwa kupitia shuka," alisema. "Una nini mgongoni kwake?"

Nikamwambia hakuna kitu, pakiti ya kijani tu. Akauliza imekaaje. Nikamwambia Babu kasema mgongoni, karibu kabisa, isiondoke. Na kwa kuwa upepo wa huku unaangusha hata sahani, nimeibandika na solotepu, pande nne, juu ya yale matundu mapana.

Babu, alicheka mpaka nikasikia vitu vikianguka kibandani kwake. Alipopata pumzi akasema, "Mpishi mmemziba bomba la moshi kwa pakiti ya mahindi, halafu mnamlaumu kwa kukohoa. Mgongoni maana yake nyuma yake, mezani. Si kumbebesha kama mtoto."

Nikabandua solotepu. Nilisikia upepo wa moto ukitoka, na sauti ya feni ikashuka mpaka nikasikia saa ya ukutani. Pakiti nikaiweka mezani nyuma, shubiri moja. Nikacheza saa nne bila kuinuka. Haikutetereka, kama ulivyosema. Mkono ulikuwa wangu tena.

Wale wenzangu niliwaandikia. Nafasi ilikuwa imejaa, nikaingia mechi za watu wasio na kundi, unapangwa na yeyote. Siku nane. Tuliofanya majaribio tulikuwa sabini na mbili, na mimi nimekuwa wa nne. Mashine haikunikosea hata mara moja. Siku ya sita niliwaona wawili wenye namba tisa nyembamba wanasimama kutafakari, nikawahurumia, nikawaua.

Nimeitwa Taipei tarehe 22 Aprili. Nitapanda meli siku tano kabla, ukungu ukiamua vinginevyo nitaogelea. Baba kavitoa vitabu mezani, kaviweka kabatini. Hajavitupa. Yeye ni yeye.

Bi Yen tulizungumza na mambo mengine, likiwemo Sikio la Guanghua lilivyo siku hizi. Sitakuuliza tena habari ya simu. Barua ni nzuri zaidi.

Ulichagua vizuri, Babu Mdogo. Nilitaka uisome hii kwa maandishi. Ulichagua vizuri.

A-Rou


Taipei, 14 Mei 2023

A-Rou wangu wa Taichung,

Salamu za hapa zote. Goti linasema mvua kesho. Paka watatu nimewagawa, yule mwenye jina la baba yako amekataa kuondoka. Shangazi yako anasema sebule ataipaka rangi ya samawati, na mimi nimesema sawa, tutatoka kwenye supu tuingie baharini.

Wewe siku ile ulikuwa mezani, hukuona tulivyokuwa nyuma huku, kwa hiyo nikusimulie, maana nikimwachia Mei-yun ataharibu.

Tulikaa mstari wa tatu, mimi na Bi Yen. Alikuja kwa sababu alikuwa na shughuli karibu na hapo. Shughuli gani sikuuliza, alikuwa amevaa hereni. Ukumbi ulikuwa na joto, wasichana kumi, mashine kumi, na yako ilikuwa nene kuliko zote, kama mama mkwe kwenye picha ya harusi. Wenzako wakaitazama. Wewe ukatoa pakiti ya kijani mkobani, ukaiweka nyuma yake, ukapima shubiri kwa mkono. Hapo nikajipangusa uso. Ni joto.

Katikati ya mchezo wa pili Bi Yen akageuza kichwa hivi, kama kuku anayesikia mwewe, akaniandikia kwenye kiganja kwa kidole: ya tatu kushoto, inakata pumzi. Nikatazama. Msichana bado anatamba, kioo chake safi kabisa. Nikahesabu. Kabla sijafika sitini picha zikaanza kumrukaruka. Watu mia mbili humo ndani wanapiga makelele, muziki unapigwa, na yule mama aliisikia mashine moja inachoka kabla mwenyewe hajajua. Nimekaa na mafundi maisha yangu yote, A-Rou. Sijaona.

Mimi nilikuwa natazama mikono yako. Uso wako ulikuwa umetulia kama wa bibi yako akiwa anafuma, na vidole vinakimbia peke yao. Sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani unacheza.

Walipoanza kusoma majina, kelele zilikuwa nyingi mno, jina lako sikulishika vizuri. Bi Yen alinifinya paja hadi leo kuna alama. Ndiyo nikajua, nikasimama, nikapiga makofi peke yangu muda mrefu, naambiwa watu walikuwa wameshakaa.

Baba yako amepiga simu kwa Bi Yen, akataka nifikishiwe salamu. Kasema vile vitabu amempa jirani. Kasema pia anataka picha ya paka.

Sasa kuna jambo moja. Nimeambiwa huko kwenye timu mnasimuliana habari, na kwamba umewasimulia wenzako habari ya bata kama nilivyokuandikia. Ni vizuri, isimulie. Mashine zilikuwa kumi na mbili, hiyo ni kweli, Mei-yun na saba zake anyamaze. Kitambaa kilikuwa chekundu, cha harusi, kweli. Sikuchungulia, kweli. Hakuwa na mafua, kweli. Bata aliliwa palepale mpaka shingo, kweli kabisa. Na mimi nilitaja tisa, wala sioni aibu, mtafute mwingine aliyetaja tisa chini ya daraja lile.

Ila yeye hakutaja tano. Alitaja zote kumi na mbili, na ya mwisho akasema feni yake imelegea skrubu moja. Tukafungua, ikawa imelegea.

Hicho tu ndicho nilichotunga. Bata nilimnunua mimi.

Babu yako mdogo,
Lu Chin-tu